Mgongo wa Mkwe

Kabla ya kusimulia yaliyotupata mama yangu na mimi katika milima ya Marungu, sina budi kueleza hali ilivyokuwa, kwa maana asiyeijua hali hiyo atadhani kwamba mama alikuwa mkaidi tu, na mkaidi hakuwa.

Tulikaa Kalemie, katika mtaa ulio juu ya reli, ambako nyumba za watu wa gari-moshi, wa bandari na wa ofisi za serikali zimechanganyikana. Sisi hatukuwa wa reli wala wa bandari. Wazazi wangu walitoka mwambao wa kaskazini, wakashuka na mtumbwi wakifuata ndakala, wale samaki wadogo wanaoanikwa mchangani hadi wakauke, na walipofika Kalemie wakabaki. Baba alifariki nikiwa bado shuleni. Mama aliendelea kuuza ndakala, na kila Alhamisi aliongoza mkutano wa akina mama katika kanisa letu la Kiprotestanti. Alifundisha jambo moja kwa njia nyingi: kwamba mtu hajiokoi mwenyewe. Mgeni akiingia nyumbani, mama alimpa maji ya kunywa, kisha, kabla hajamuuliza habari za safari, alimuuliza kama ameokoka, na kama ndiyo, ilikuwa siku gani. Nilikuwa nikiona haya alipouliza hivyo mbele ya walimu wenzangu.

Mimi nilisomeshwa na mapadri, kwa sababu baba aliamini kwamba mapadri hupiga viboko kwa haki. Kwao nilijifunza Kilatini miaka sita. Wakati wa habari hizi nilikuwa mwalimu wa Kilatini na jiografia. Ilikuwa miaka ya Zaire. Kazini tuliitana sitoyeni, yaani mwananchi, nami nilikuwa na abakosti moja, lile koti la wakati ule lisilo na shati wala tai ndani, ya rangi ya majivu, niliyoivaa hata safarini. Mama alisema ni nguo ya mtu aliyesahau shati.

Dada yangu, aliyenifuata kwa kuzaliwa, aliolewa na mkulima wa Marungu ambaye zamani alikuwa akija Kalemie kuuza viazi na maharagwe. Mama hakumkataa, ila alisikitika kwa mambo mawili: kwamba ni mtu wa rozari, na kwamba ni mtu wa mlimani asiyejua kuogelea.

Sasa nieleze ukwe. Kwao na kwetu jambo hili halitofautiani sana. Mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni, hawali chumba kimoja, hawapeani mkono, wala hawasemezani ila kwa kinywa cha mtu wa tatu. Wakikutana njiani, mwanamume huacha njia, huingia majanini na kugeuza mgongo mpaka mama apite. Huo si uadui. Ni namna ya kusema kwamba yule mama amekwisha kutoa kitu kikubwa, na hatakiwi kuombwa zaidi. Kumgusa ni kosa zito, na husemwa kwamba kosa hilo halimwangukii aliyelitenda: humwangukia mtoto mchanga wa nyumba hiyo, akatetemeka na kukataa ziwa la mama yake. Katika miaka mitatu ya ndoa ile, mama alikuwa ameona mgongo wa mkwe wake na nyuma ya miguu yake, basi.

"Visigino vyake navijua muzuri," aliniambia siku moja. "Ni visigino vya muntu anayefanya kazi."

Hiyo ndiyo hali iliyokuwapo.

Mwezi wa nane, wakati shule zimefungwa, tulipata habari kwa foni, ile redio ya mawasiliano ya misheni, kwamba dada amejifungua mtoto wa kwanza, msichana. Desturi inamtaka mama wa mzazi aende amkande binti yake kwa maji ya moto na kumwogesha mtoto. Mama alifunga furushi: ndakala wakavu wa kuwapa wakwe, sabuni za mtoto, na vitenge viwili. Alilifunga kwa kamba ya nyavu kwa fundo la kwao, akasema furushi la wakwe halifunguliwi njiani, hata kwa sababu gani. Tulipanda mashua hadi Moba, tukapita Zongwe bila kushuka, na kutoka Moba lori lilitupandisha hadi Kirungu, ambako tulilala kwa mshirika mmoja wa kanisa letu.

Kutoka Kirungu hadi kijiji cha dada ni mwendo wa miguu wa siku nzima. Mwenyeji wetu alitushauri tungoje siku mbili, baada ya soko, kwa kuwa watu wa upande ule wangerudi makwao na tungefuatana nao.

"Mutoto hawezi kungojea sabuni siku mbili," mama alisema.

Nami sikumpinga. Nilikuwa na ramani ya nchi ile kichwani. Nilikuwa nikiichora ubaoni kila mwaka. Mwenyeji wetu alimtuma mwuza mboga mmoja atangulie usiku ule ule kupeleka habari kwamba tunakuja, nasi tukatoka alfajiri.

Katika kiangazi watu wa Marungu huchoma nyasi ili majani mapya yaote kwa ajili ya ng'ombe. Mlima mmoja ulikuwa wa njano, wa pili mweusi. Njia yetu ilionekana vizuri katika nyasi za njano, mguu mmoja upana wake. Ilipoingia katika nchi iliyochomwa ikatawanyika, kwa maana ng'ombe hawana njia moja, na majivu hayaonyeshi ni ipi ya watu na ipi ya wanyama. Tulichagua iliyokuwa pana zaidi. Baadaye niliambiwa kwamba iliyo pana daima ni ya ng'ombe. Saa sita mchana tulikuwa tumesimama juu ya kilima kisichokuwa na njia yoyote, na moshi wa mioto ya mbali umefunika pande zote, jua likiwa kama sahani nyekundu. Chini yetu kulikuwa na kijito.

"Papa," mama akaniita. Aliniita hivyo kwa sababu nina jina la baba yake. "Maji haipoteaka. Tufwate ile. Itatufikisha ku ziwa, na ku ziwa hakuna muntu wa kwetu anayepotea."

"Mama, sisi tunatafuta mulima, hatutafuti ziwa."

"Muntu akipotea anarudi nyumbani kwanza. Kisha anaanza tena."

Hapa ndipo kosa letu lilipo, na ni kosa ambalo watu wa ziwani peke yao wangelifanya. Kwetu kila mto unaoujua ulipoanza, ulishuka kutoka mlimani ukaingia ziwani. Mtoto huona hivyo kabla hajaanza kusema. Lakini Marungu ni mgongo wa nchi. Maji ya upande wa mashariki hushuka ziwani. Maji ya upande wa magharibi huenda Luvua, na Luvua huingia Lualaba, na aliyefuata maji hayo atatembea majuma mengi akilipa ziwa kisogo. Jambo hilo nilikuwa nikilifundisha. Tena tulikuwa watu wa Kalemie, ambao kila siku huona mto Lukuga ukilitoka ziwa letu na kwenda zake magharibi. Kama kuna watu waliopaswa kujua kwamba si kila maji hurudi nyumbani, ni sisi.

Sitasema kwamba sikujua. Alasiri ile niliona kupitia moshi kwamba jua liko mbele yetu, na kwamba tunaelekea linakotua. Nikajiambia kwamba kijito kinapinda, na kitapinda tena. Vijito hupinda kweli. Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo juu ya namna akili inavyojidanganya, na sikukuta humo neno ambalo sikujiambia mwenyewe kando ya maji yale. Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba tulitembea kwa bidii sana. Mama hakulalamika hata mara moja. Kila hatua tuliyoipiga kwa juhudi ilituondoa mbali zaidi na watu.

Usiku wa kwanza tulikesha chini ya jiwe, tukiwa tumejifunika kitenge cha juu alichovaa mama. Baridi ya Marungu haifanani na kitu chochote cha Kalemie. Nilitaka tule ndakala. Mama akaweka mkono juu ya furushi.

"Nitafika kwa wakwe na furushi iliyofunguliwa? Watasema nini?"

"Watasema tulikuwa na njaa, Mama."

"Ndio. Njo hiyo sitaki waseme."

Siku ya pili, tukiruka mawe, mguu wake wa kushoto uliteleza ukapinda kwenye kifundo. Kabla jua halijasimama kati, kifundo kilikuwa kimevimba kama tunda, na hakuweza kukanyaga. Nilimwambia kwamba nitambeba. Mama hakuwa mtu mnene, lakini mimi nilikuwa mtu wa chaki. Nilimbeba mgongoni nikihesabu hatua. Nilipofika mia mbili na kitu magoti yalikataa, tukaanguka pamoja katika majani, yeye juu yangu. Aliinua kichwa akaangalia abakosti yangu iliyojaa majivu.

"Sasa umefanana na mwanaume," alisema.

Tulicheka kidogo. Kisha akasema niende peke yangu nikatafute watu. Nilikataa, naye hakunishurutisha; nikajua kwamba anaogopa. Niliwasha moto mkubwa wa majani mabichi ili moshi uonekane. Nilipotazama juu nikaona mioshi kumi au zaidi imesimama katika kila upande wa anga, kila mmoja sawa na wangu. Nani angeutazama moshi mmoja katika mwezi wa kuchoma nyasi? Jioni ile mama mwenyewe alifungua fundo la furushi, akanipa ndakala kwanza, kisha akala yeye. Alikula kidogo sana. Usiku homa ikampata, akaanza kuzungumza na marehemu baba juu ya nyavu, kwa sauti ya kawaida, kama watu wanaopanga kazi ya kesho. Ndipo nilipofahamu kwamba naweza kumpoteza mama yangu pale, na kwamba mikononi mwangu hamna kitu cha kulizuia.

Asubuhi ya siku ya tatu nilisikia mtu akikohoa nyuma ya mawe. Hakikuwa kikohozi cha mgonjwa. Kilikuwa kikohozi cha mtu anayebisha hodi.

"Shemeji," sauti ikasema. "Mama mukwe amejifunika?"

Alikuwa mume wa dada yangu. Nilikimbia nikamkuta amesimama hatua ishirini kutoka pale tulipolala, ametugeuzia mgongo, panga mkononi, kibuyu begani, miguu yake myeupe kwa majivu hadi magotini. Nilimshika mabega. Alinipa kibuyu, kilikuwa na uji wa mtama uliopoa. Nilimnywesha mama, naye akafumbua macho vizuri na kujifunga kitambaa kichwani.

"Shemeji, uambie mama mukwe ninamusalimia."

Sauti yake ilifika kwa mama kabla ya yangu, lakini nilirudia, kwa kuwa ndivyo inavyopasa.

"Umwambie nimesikia," mama akasema. "Umwulize mutoto anaendelea namna gani."

"Uambie mama mukwe mutoto ananyonya sana. Na pua yake ni ya bibi yake."

"Umwulize pua yangu aliiona wapi."

Mgongo ule ukajinyoosha. "Umwambie muke wangu njo aliniambia."

Mama alitabasamu, nikaona midomo yake imepasuka. Kisha mkwe akasema, bado akiangalia mlima, kwamba inatubidi tuwe tumepanda ule mgongo wa mbele kabla jua halijawa kali, kwa sababu upande wa pili kuna kibanda cha wachungaji.

"Na mimi nitapandishwa na nani?" mama aliuliza.

"Umwambie ni mimi."

"Umwambie hapana. Arudi kijijini, alete wanawake."

"Umwambie wanawake watafika hapa kesho kutwa. Umwambie ninasikia namna anavyopumua."

"Umwambie ningali napumua."

Nilisimama kati yao kama mkalimani wa watu wawili wenye lugha moja. Nilimwambia mama, kwa maneno yangu mwenyewe, kwamba hatafika kesho kutwa. Nilimkumbusha mafundisho yake ya Alhamisi, kwamba tumewekwa huru na mambo haya. Alinitazama kwa upole.

"Papa, mimi siamini. Unajua siamini. Lakini ule mutoto hajui kama mimi siamini. Akitetemeka, binti yangu atasema nini? Atasema mama alikuja kunikanda, akaniletea kosa. Afazali nibaki."

Na alimaanisha. Aliyekuwa tayari kubaki pale mawe yalipo alikuwa mwanamke aliyefundisha kwa miaka mingi kwamba mtu hajiokoi. Mafundisho yake hayakuwa ya uongo. Ila alikuwa amezoea kuwa yule anayetoa maji na kuuliza swali. Hakuwa amewahi kuwa yule aliyelala chini.

Ndipo mkwe wake alipofanya jambo ambalo sikulitazamia. Aliweka panga chini. Akageuka. Alitembea zile hatua ishirini, si haraka, akachuchumaa mbele ya mama yangu, akamtazama usoni. Nilishtuka kama nimeona mtu akitembea uchi. Mama alivuta kitenge kufunika uso, lakini mkono wake ukaishia kidevuni. Hawakuwa wameonana hata siku moja. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye kovu kwenye nyusi na macho mekundu ya mtu ambaye hajalala.

"Mama," akamwambia, yeye mwenyewe, bila kunipitia mimi. "Kosa ni ya yule anayebeba. Anayebebwa hakufanya kitu. Nikikuinua hapa, ni miye nimevunja. Nitaenda nayo mbele ya wazee, nitasema ni yangu, nitaitoa. Wewe utafika na mikono safi."

"Na kama mutoto ataugua?"

"Ni mutoto wangu, Mama."

Kijito kiliendelea na safari yake ya kwenda upande usio wetu.

"Siko na kitu ya kukupa," mama akasema hatimaye. "Hata ndakala zenu tulishazila."

"Sikukuja kwa ndakala."

Mama alinigeukia. "Papa, angalia kule."

Nikageuka, na safari hii mgongo wa heshima ulikuwa wangu. Nilisikia kitenge kikikung'utwa, nikasikia pumzi ya mama alipoguswa mguu, na sauti ya mkwe ikisema polepole, shika hapa, hapana, hapa. Waliponiruhusu kutazama, mama alikuwa amefungwa mgongoni mwa mkwe kwa kitenge kimoja cha furushi, kama mama anavyombeba mtoto, naye amejifunika kichwa chote kwa kile cha pili ili asionekane na mtu yeyote, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona isipokuwa mimi na ndege.

Tulipanda. Mimi nilibeba panga, kibuyu na sabuni za mtoto, na bado nilikuwa nyuma. Tulipofika kwenye mteremko mkali kuliko yote, sauti ikatoka ndani ya kitenge.

"Niko muzito?"

"Hapana, Mama. Gunia ya viazi inazidi. Na gunia haiulizi."

Niliona kitenge kikitikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, au yote mawili.

Njiani mkwe alinieleza namna alivyotufikia. Mwuza mboga alikuwa amefika na habari zetu. Jioni ilipopita bila sisi, yeye mkwe akatoka na tochi. Katika majivu alikuta alama za viatu vya mama, vile vya plastiki vyenye mistari chini, ambavyo kijijini kwao hakuna anayevivaa. Zilipoishia kwenye mawe hakutafuta zaidi. Alishuka moja kwa moja na maji.

"Kila muntu wa ziwa anafanya vile," alisema. "Anafwata maji. Mwaka jana tulimutoa mwenye kuuza chumvi, mutoni huu huu."

"Na mwaka mwingine?" nikauliza.

"Mwaka mwingine tulichelewa."

Tulilala kibandani kwa wachungaji, na kesho yake mchana tukaingia kijijini. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mkononi. Alipoona mama yake yuko mgongoni mwa mume wake, alifunika mdomo. Mkwe alipita mbele yake bila kusimama, akamweka mama juu ya mkeka ndani ya nyumba, akatoka nje, na kuanzia kizingitini akageuza tena mgongo kama kawaida.

Jioni ile ile wazee wa ukoo wake walikaa uani. Nyumba ilikuwa ya udongo, dirisha dogo lisilo na kioo, na mama, akiwa amelala na mjukuu ubavuni, aliyasikia yote. Mkwe alisimama akasema alimtazama mama mkwe usoni, akamsemesha, akamgusa, akambeba siku mbili. Hakutaja mguu wala homa. Mzee mmoja alitaka kujua kama mama alikubali, kwa maana aliyekubali ana fungu lake katika kosa.

"Musimuulize," mkwe akasema. "Nimesema ni yangu."

Walimtoza beberu na kuku mweupe. Beberu alikuwa mmoja tu aliyekuwa naye. Alikwenda mwenyewe kumfungua, akamleta kwa kamba.

Mama aliniita. Alitoa vile vitenge viwili, hata kile kilichokuwa na majivu, akaniagiza niwapelekee wazee na niwaambie kwamba alikubali, na kwamba hilo ni fungu lake. Nilikwenda nikasema kama alivyoniagiza. Mzee aliyeuliza hakuvigusa. Aliniambia, bila ukali, kwamba kamba ya beberu iko mkononi mwake tayari, na kosa moja halilipwi mara mbili; nimrudishie mama vitenge vyake, amfunike mtoto.

Nilirudi ndani nikamwambia. Mama aliviweka kifuani akavishika hivyo kwa muda mrefu, uso wake ukitazama ukutani. Nikakaa karibu na miguu yake. Nimesoma mengi tangu hapo, kwa Kilatini na kwa lugha nyingine, juu ya wokovu wa mwanadamu na jinsi ulivyopatikana: ni nani aliyelipa, alimlipa nani, na kwa nini ilibidi. Hoja hizo ni za watu wenye akili kuliko mimi na sizidharau. Lakini kila ninapozisoma, ninachokiona ni ule ua, na kamba inayopita kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na mama yangu ndani ya nyumba akiwa na vitenge ambavyo havikuhitajika.

Kuku alichinjwa, damu yake ikapakwa kizingitini, na wazee wakamla beberu. Kesho yake mama alimwogesha mtoto kwa mara ya kwanza. Mtoto hakutetemeka, wala hakukataa ziwa. Mama alikaa kijijini majuma matano, mguu ukapona ingawa ulibaki umepinda kidogo, na katika majuma hayo yeye na mkwe wake walisemezana kupitia kwa dada kama ilivyokuwa zamani. Mimi niliondoka mapema kwa sababu masomo yalikuwa yanaanza. Nilifika Kalemie nikafundisha. Mama aliporudi, Alhamisi ya kwanza aliwaeleza akina mama habari hii yote, na wageni walipokuja nyumbani aliwapa maji, akawauliza habari za safari.